Kumpokea na Kumuuguza Mgonjwa wa Akili: Mwongozo kwa Muuguzi Anayeanza Kazi Mombasa

Mgonjwa wa akili hafiki hospitalini siku alipoanza kuugua. Mara nyingi hufika baada ya miezi, pengine miaka, akiwa amekwisha kupitishwa kwa mganga, kwa shehe aliyemsomea na kumpa kombe anywe, kwa mchungaji aliyemkeshea maombi, na kwa jamaa wa mbali aliyeombwa akae naye mpaka mambo yatulie. Muuguzi anayempokea katika zahanati ya Likoni au Kisauni, ama katika kitengo cha wagonjwa wa akili cha hospitali ya Port Reitz kule Changamwe, huukuta mwisho wa habari ndefu, na kazi yake ya kwanza ni kuutafuta mwanzo. Magonjwa haya kwa sehemu kubwa hayatambuliwi kwa kipimo cha damu, bali kwa mwenendo wake: yalianza lini, yalikwenda vipi, yalitulia kwa muda gani na yakarudi kwa sura ipi. Kinachouficha mwenendo huo kuliko kitu kingine chochote ni unyanyapaa. Kwa sababu hiyo sikuutengea unyanyapaa sehemu yake peke yake katika mwongozo huu. Utaukuta kila mahali, kama unavyokutwa wodini.

Anza na mwili

Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, anayeweweseka, asiyejua kama ni asubuhi au usiku, na ambaye hali yake hupanda na kushuka ndani ya siku moja, mhesabu kuwa mgonjwa wa mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, maambukizi kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi, pigo la kichwa na kifafa vyote vinaweza kuja kwa sura ya wazimu. Pima joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, pumzi, sukari na malaria, hata kama waliomleta wanaapa kwamba ni jini. Kuona vitu visivyokuwapo, hasa kwa mzee au kwa mtu asiyewahi kuugua akili, huelekeza kwenye mwili zaidi kuliko kusikia sauti.

Mfano ambao hupita bila kutambuliwa ni wa mnywaji wa kila siku wa mnazi au chang'aa aliyelazwa kwa sababu nyingine kabisa, tuseme mguu uliovunjika. Siku ya kwanza hutetemeka na kutokwa na jasho, na siku ya 2 au ya 3 akaanza kuwafukuza wadudu ukutani. Huyo mwili wake umekatiwa pombe ghafla, na hali hiyo huua isipotibiwa. Mwite daktari mapema, na ukumbushe vitamini B1 itolewe kabla ya dripu ya glukosi.

Kuuliza habari

Salimia kwanza. Aliye mkubwa mwamkie, na mgonjwa mwite kwa jina lake, au mama, mzee, kaka, dada, kama ungemwita nje ya hospitali; kisha uzungumze naye kabla ya kuzungumza na waliomleta. Ukianza na jamaa, mgonjwa anajua tayari kwamba neno lake halina uzito, na hatakupa tena.

Usiulize, "Wazimu ulimwanza lini?" Uliza, "Mara ya mwisho mlipomwona yuko kama mnavyomjua ilikuwa lini?" Watu hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka Ramadhani ya mwaka juzi, mtihani wa kidato cha nne, uzazi, au mwezi alioachishwa kibarua bandarini. Panga majibu hayo kwa kufuatana, na mara nyingi utaona kuwa ugonjwa unaoitwa wa wiki mbili una miaka miwili.

Maswali ya ukoo yaulizwe faraghani, mbali na benchi la kungojea. Jamaa huficha kwa sababu zinazoeleweka: kuna binti anayeposwa, na likisikika neno kwamba ukoo una wazimu, posa inaweza kuvunjika. Mueleze mama kwamba unachoandika ni siri ya matibabu, kisha umuulize kwa upole kama kuna yeyote upande wake au wa baba wa mgonjwa aliyewahi kuugua hivi, au aliyefariki kwa mkono wake mwenyewe. Jibu lake linaweza kubadilisha utambuzi wote.

Na majini? Usibishane. Muuguzi anayeingia kwenye mjadala wa majini na bibi wa Mji wa Kale hushindwa, na mgonjwa hurudishwa nyumbani jioni ile ile. Sema kwamba kisomo na maombi viendelee, na dawa nazo ziendelee. Kataa yale tu yanayodhuru: kupigwa, kufungwa minyororo, kunyimwa chakula, na kuachishwa dawa ili kumpisha mganga.

Mwenendo wa magonjwa yenyewe

Skizofrenia huwaanza vijana, wanaume hasa kati ya miaka ya mwisho ya ujana na katikati ya miaka ya 20, wanawake baadaye kidogo. Kabla ya sauti na kabla ya kuamini kwamba majirani wanamtilia sumu, huwa kuna kipindi kirefu cha kunyauka: kijana anaacha masomo, haogi, hacheki na wenzake, anajifungia chumbani. Nyumbani kipindi hicho huitwa uvivu au bangi, na ndicho kinachopotea katika masimulizi usipokitafuta.

Ugonjwa wa bipola, ambao mtu huchangamka kupita kiasi wakati mmoja na kuzama katika huzuni wakati mwingine, huenda na kurudi, na katikati yake mara nyingi mtu huwa mzima. Hapo ndipo wengi hupotezwa: mganga aliyekuwako ugonjwa ulipotulia ndiye anayepewa sifa, na mkurupuko unaofuata huitwa kurogwa upya. Uliza kuhusu wiki nzima au zaidi ambayo mtu alilala saa mbili tatu na asichoke, akazungumza kwa kasi, akauza tuktuki kwa bei ya kutupa au akajiona ana utume maalumu. Swali hili muulize hata aliyekuja kwa huzuni tu, kwa maana dawa ya sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa, ikitolewa peke yake kwa mtu wa bipola inaweza kumrusha upande wa pili.

Sonona huhesabiwa kuanzia wiki mbili za huzuni au kukosa hamu, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku. Lakini ni wachache kwetu wanaokuja na neno huzuni. Watakuambia kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawaka moto, na watakuwa wamepimwa homa ya matumbo mara nne. Kwa mtu wa namna hiyo, uliza usingizi, hamu ya chakula, na kama kuna jambo alilolipenda ambalo sasa halimvutii.

Mama aliyejifungua na ndani ya wiki mbili akaanza kukosa usingizi, kushuku watu na kusema mambo yasiyoeleweka ni dharura. Asiachwe peke yake na mtoto, na wala asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi.

Kuhusu vileo ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa Mombasa hutapita wiki bila kukutana navyo. Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ambayo serikali ya kaunti ilitangaza kuipiga marufuku Mei 2024 na suala hilo likafika mahakamani, humnyima mtu usingizi na inaweza kumletea shuku na sauti, hasa akiichanganya na bangi. Swali lenye faida ni kipi kilitangulia, na dalili zilikuwaje alipokaa bila kutumia. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja baada ya kuacha, fikiria ugonjwa uliokuwako chini yake. Unga, yaani heroini, una mwenendo mwingine: si kawaida wenyewe kuleta sauti, bali kuukosa huleta makamasi, kuhara, maumivu ya mifupa na kusisimka ngozi. Mgonjwa anayetumia methadoni, dawa anayopewa mtu anayeacha unga, akilazwa, piga simu kwenye kliniki yake uthibitishe kipimo na siku aliyomeza mara ya mwisho. Usikisie, kwa sababu aliyekosa siku kadhaa anaweza kufa kwa kipimo chake cha zamani. Fahamu pia kwamba kabamazepini, tunayoitoa sana kwa kifafa na bipola, hupunguza nguvu ya methadoni, na mtu huyo atakapolalamika kwamba anaumwa usimwambie anataka dozi tu. Jina "teja" lina unyanyapaa maradufu na halina nafasi katika faili.

Andika ulichokiona

Mwaka wangu wa kwanza wodini niliandika kwamba mgonjwa fulani "ni mkorofi, hatulii, anasumbua wenzake." Zamu iliyofuata ilisoma maneno yale, ikaomba dawa iongezwe, na ikaongezwa. Yule bwana alikuwa akitembea huku na huku usiku kucha, akikaa anasimama, akisimama anakaa, kwa sababu haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na shuku, ilimletea wahka wa miguu ambao hauzuiliki. Dawa iliyoongezwa ilizidisha mateso. Laiti ningeandika "hawezi kukaa dakika mbili, anasema miguu yake inamchoma, ilianza siku ya tatu ya dawa," daktari angeelewa palepale. Tangu hapo siandiki sifa ya mtu. Naandika alichofanya, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na saa.

Kila zamu, angalia mambo haya: mavazi na usafi, mwendo, kasi ya maneno, uso unalingana na maneno au la, anachoamini, anachosikia au kuona, kama anajua mahali na siku, na kama anajiona mgonjwa. Huhitaji fomu ndefu. Mistari sita yenye ukweli inatosha.

Swali la kujiua

Uliza waziwazi. Kuuliza hakupandi wazo. Aliye nalo hupata nafuu kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia. Unaweza kuanza hivi: "Watu wengine wakizidiwa huona afadhali wasingekuwapo. Wewe umewahi kufikia hapo?" Akikubali, endelea pole pole: wazo huja mara ngapi, amefikiria njia gani, njia hiyo ipo karibu, amejaribu kabla, na ni nini kimemzuia mpaka leo. Mwenye mpango na njia hasubiri kliniki ya Jumatatu. Hakikisha ana mtu kando yake muda wote, na vitu hatari viondolewe.

Kwa miaka mingi familia zilinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Waambie hivyo kabla ya kuuliza, utaona mabega yanavyoshuka.

Aliyeletwa amefungwa kamba

Usianze kwa kuwagombeza waliomfunga. Wengi hawajalala siku tatu. Simama umbali wa kama mikono miwili, usizibe mlango, mtu mmoja tu azungumze, na kwa sauti ya chini. Mwambie jina lako na unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Akikuambia anasikia sauti, usikubali kwamba zipo na usimcheke, sema, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa." Kamba ziondolewe mara inapowezekana kwa usalama, kisha uchunguze vifundo: rangi ya vidole, uvimbe, vidonda, ganzi. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, inamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki, ikiwamo kushirikishwa katika mpango wa matibabu yake, na haki hiyo haianzi siku atakapotulia.

Dawa, joto na saumu

Shingo iliyopinda au macho yaliyogeukia juu baada ya sindano ya haloperidoli si kifafa wala pepo, na hutulia haraka kwa bensheksoli au promethazini. Lakini mwili ukikakamaa pamoja na homa kali na fahamu kuvurugika, zuia dozi inayofuata na umwite daktari mara moja. Klopromazini, dawa ya kundi moja na haloperidoli, hufanya ngozi iungue juani upesi, na bensheksoli hupunguza jasho. Mvuvi au mpakuzi wa mizigo anayezitumia katika joto la Februari apewe ushauri wa kofia, kivuli na maji, wala si karatasi ya dawa tu.

Ramadhani ikikaribia, uliza mapema, maana wengi huacha vidonge kimya kimya badala ya kuuliza. Dawa nyingi za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa futari au daku kwa ushauri wa daktari. Lithiamu, dawa ya bipola, ni tofauti: kukosa maji mchana kutwa huipandisha katika damu, na mkono unaotetemeka sana, kuhara na kuyumba ni dalili za sumu. Mgonjwa wa lithiamu asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, na wengi hutulia wakisikia kutoka kwa shehe wao kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Siku ya kuruhusiwa

Kaa na mgonjwa na jamaa mmoja aliyemchagua mwenyewe. Andika kwenye kadi yake tarehe ya sindano ijayo kama anatumia flufenazini, ambayo kwa kawaida hurudiwa kila wiki 2 hadi 4, na ueleze kwamba dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, ili asiziache siku ya kumi. Kisha waulize wote wawili ugonjwa wake huanza na nini, na uyaandike majibu kama wanavyoyasema. Mama mmoja aliniambia, "Akianza kufagia ua saa tisa usiku, sista, najua." Niliandika hivyo hivyo, pamoja na namba ya simu ya kliniki chini yake.