Damu ikirudi kwenye pafu jipya: fungua klampu (koleo la kubana mshipa) polepole

Wadau wa thieta na ICU hapa Kisumu, mapafu bado hatupandikizi lakini Eldoret wanapandikiza figo miaka mingi sasa na hatari ni ile ile, juu kiungo kilichokaa bila damu kinaumia zaidi pale damu inaporudi. Mimi ni mtu wa pampu, yaani naendesha mashine ya kusukuma damu wakati wa upasuaji, nilifanya na timu ya mapafu huko nje kabla nirudi nyumbani, kwa hivyo naandika vile tulikuwa tunafanya.

Pafu likikosa damu seli zinamaliza akiba yao ya nguvu na taka zinajikusanya, sasa oksijeni ikiingia ghafla inazaa kemikali kali zinazochoma utando wa ndani wa mishipa midogo, chembe nyeupe zinavamia, mishipa inavuja, pafu linajaa maji.

Hatua ya 1: kwa mtoaji
Heparini kwanza, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha prostaglandini E1 kwenye ateri ya mapafu ndio mishipa ifunguke, halafu maji baridi ya kusafisha, Perfadex kwa mfano, mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo. Usiyasukume, ning'iniza mfuko kama sentimita 30 juu ya moyo yashuke yenyewe huku pafu linapumua. Baadaye pitisha mengine kinyume kupitia vena. Hii usiiruke hata kama mnakimbizana na ndege, juu utaona vibonge vidogo vya damu vikitoka kwa ateri baada ya kila mtu kudhani pafu ni safi.

Hatua ya 2: safari
Lifungwe na hewa ndani, nusu oksijeni, lisijae kupita kiasi. Liloe kwenye maji baridi ndani ya mifuko, barafu ikae nje, tusililaze juu ya barafu kama samaki wa Dunga. Kawaida ni saa 6 hadi 8, ingawa timu ya Toronto imeonyesha nyuzi 10 zinalinda pafu muda mrefu kuliko nyuzi 4.

Hatua ya 3: kufungua
Hapa ndio naomba mtulie. Methilprednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, iingie kabla. Mtu wa usingizi ashushe oksijeni, pumzi ziwe ndogo, mililita 6 kwa kilo, na hesabu inafuata mwili wa mtoaji, si wa mgonjwa aliye mezani, juu pafu ni la yule mwingine. Presha ya mwisho wa pumzi iwe sentimita 5 hadi 8 za maji. Klampu ya ateri ya mapafu ilegezwe kidogo tu, damu ya kwanza itoke kwa mshono wa upande wa moyo ikibeba hewa na maji ya kusafishia, ndipo mshono ufungwe. Kutoka hapo ni dakika 10 hadi 15 za kulegeza kidogo, kuangalia skrini, kulegeza tena. Nikiona wastani wa presha ya ateri ya mapafu unakaribia milimita 20 za zebaki namwambia daktari, “Simama hapo,” na anasimama, hata kama yeye ndiye mkubwa na amechoka.

Hatua ya 4: ICU
Dripu kwa kipimo, pafu hili linavuja kwa urahisi. Pima gesi za damu hadi saa 72: gawanya presha ya oksijeni kwa sehemu ya oksijeni unayompa, ikiwa chini ya 200 na eksirei imejaa ukungu pande zote, hiyo ni gredi ya 3 ya pafu jipya kushindwa kazi, ile mbaya kabisa. Jaribu naitriki oksidi, gesi ya kuvuta inayofungua mishipa ya pafu, na akizidi kushuka ita watu wa ECMO, mashine inayotia damu oksijeni nje ya mwili, mapema, usingoje uongeze presha ya mashine hadi upasue pafu.