Kurudisha vioo vya ndege ya modeli vilivyogeuka manjano

Ndege iliyo mezani kwangu ni Fokker F27 Friendship ya kipimo cha 1/72, modeli ya kuunganisha iliyokaa kabatini kwa mjomba tangu enzi za East African Airways. Shirika lile lilizirusha F27 hadi likavunjika mwaka 1977. Boksi lenyewe likabaki na vumbi lake. Plastiki ya mwili na mabawa bado nzima kabisa. Balaa lilikuwa kwenye vioo. F27 ina madirisha makubwa yenye umbo la yai, na yote yalikuwa yamegeuka rangi ya mafuta ya alizeti. Ukiyabandika hivyo, ndege inaonekana kama imejaa moshi ndani.

Kabla hujanunua dawa yoyote, jua kwanza umanjano umekaa wapi. Osha vioo kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo na mswaki laini wa zamani. Moshi wa sigara na mafuta ya jikoni hutoka hapo hapo, na mara nyingine kazi inaishia hapo. Kama kioo kilishapakwa vanishi, huenda ni vanishi ndiyo iliyozeeka. Ikiwa ni ya akriliki, kilaze kwenye dawa ya kusafishia vioo vya dirisha yenye amonia, halafu sugua taratibu. Usishawishike kutumia thina, petroli wala asetoni: plastiki hii ni polistirini, na vitu hivyo huiyeyusha au kuijaza nyufa nyembamba kama nywele. Mimi nilipoteza dirisha moja hivyo, kwa tone moja tu la thina.

Sabuni ikishindwa, basi ni plastiki yenyewe. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikisaidiana na hewa ya oksijeni, huivunja polistirini kidogo kidogo na kuzaa kemikali zinazomeza mwanga wa buluu. Buluu ikimezwa, jicho lako linabaki na manjano. Mabadiliko hayo huanzia juu, ndiyo maana yanatibika.

Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi. Ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, huwa ya asilimia 3. Saluni wanayo kali zaidi: ile wanayoiita 20 volyumu ni asilimia 6, na 40 volyumu ni asilimia 12. Mimi natumia ya asilimia 6, na ya maji, si ya krimu. Krimu hukauka mahali pamoja na kuacha mabaka. Vaa glavu na miwani. Hata hii huchoma macho na kuifanya ngozi iwe nyeupe na kuwasha. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine yoyote ya kufulia.

Jaribu kwanza kwenye fremu iliyoshika vioo, ile unayoitupa ukimaliza. Plastiki ni ile ile, umri ni ule ule, na ikiharibika hujapoteza kitu. Kata vipande viwili, kimoja kitumbukize, kingine kiweke pembeni cha kulinganisha.

Tumbukiza vioo kwenye chupa safi ya kioo isiyo na rangi, mimina peroksaidi hadi vifunikwe kabisa, weka kifuniko bila kukikaza. Dawa inatoa oksijeni muda wote, na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Usitumie waya kufunga vioo. Chuma na shaba huiharibu dawa haraka. Mshipi wa kuvulia unatosha.

Kisha iweke chupa juani, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Jua tunalolitaka ni mwanga wake, joto lake hatulitaki. Jua la saa sita Dar es Salaam juu ya bati linaweza kuivuruga kazi yote kwa kukunja kioo chembamba, na ndani ya gari lililofungwa ni vibaya zaidi. Mimi naisimamisha chupa ndani ya beseni la maji ya bomba, na maji yakipata moto nabadilisha. Kila nikipita naitikisa kidogo. Viputo vidogo hujishika kwenye kioo kama vile vya soda, vikiwa vingi vinakibeba hadi juu, na sehemu iliyochungulia nje ya dawa inatakata tofauti na iliyozama. Dirisha langu la tatu lina mstari wa kunikumbusha hilo.

Badilisha dawa kila asubuhi. Madirisha yangu madogo yalichukua siku tatu za jua zuri, kioo cha rubani kikachukua sita. Kila jioni suuza kipande kimoja, kikaushe, kiweke juu ya karatasi nyeupe kando ya kile cha kulinganisha. Ukiona uso unaanza kuwa na ukungu, acha hapo hapo, hata kama bado kuna unjano.

Mikwaruzo ni kazi nyingine. Msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arishia rangi ya gari kwenye kitambaa cha pamba. Sugua kwa kidole, polepole. Ukisugua kwa kasi plastiki inapata joto na kushika mawimbi. Ukipata vanishi ya akriliki ya maji isiyo na rangi, chovya kioo mara moja, kisimamishe juu ya tishu ziada imiminike, kifunike na bakuli vumbi lisitue.

Kubandika tumia gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu inatoa mvuke unaoganda kama ukungu mweupe juu ya kioo, na utalia.

Peroksaidi inaondoa rangi, haiifanyi plastiki kuwa mpya. Ukiiacha ndege dirishani itarudi manjano, kwa hiyo yangu iko kwenye rafu isiyofikiwa na jua. Madirisha mawili hayakutakata kabisa. Nimeyaweka nyuma karibu na mkia, upande unaotazama ukuta.