Somo: Nguvu za miguu kwa wazee, kuanzia kitini hadi sakafuni

Mzee akiambiwa afanye mazoezi, kwa kawaida huambiwa atembee. Ushauri si mbaya, kwa sababu moyo na sukari vinafaidika, ila kutembea pekee hakumpi nguvu ya kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa, na hakutoshi kumkinga asianguke akijikwaa. Kazi hiyo ni ya misuli ya mapaja na makalio, pamoja na uwezo wa mwili kujirudisha sawa unapoyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na pia mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa angalau siku 3. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo somo letu.

Anayesema umri umeshapita ajue hili: mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee wa takriban miaka 90 waliofanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Kwa wastani, nguvu zao zilizidi mara mbili.

Kabla ya kuanza

Pima presha mzee akiwa amelala ametulia kwa dakika 5, kisha asimame, upime tena baada ya dakika 1 na ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi presha yake inaporomoka akisimama. Mara nyingi chanzo ni dawa za presha au za tezi dume, au hanywi maji ya kutosha. Aonane na daktari kwanza, la sivyo zoezi la kusimama na kukaa litamletea kizunguzungu. Presha ya 180/110 au zaidi akiwa ametulia: siku hiyo hakuna zoezi. Maumivu ya kifua, kuhema akiwa amekaa, au nyonga inayouma baada ya kuanguka, hayo ni ya hospitali.

Kiti kiwe imara, chenye egemeo, kisicho na magurudumu, na kikalio kiwe sm 43 hadi 45 kutoka sakafuni. Cha plastiki kinakubalika kikisukumwa ukutani na kama hakina ufa. Kasoro yake ni kuteleza nyuma kwenye marumaru, na miguu yake hutanuka mtu mzito akijibwaga. Sofa haifai. Miguuni avae viatu vinavyoshika kisigino. Kandambili hapana, soksi tupu hapana. Kanga au dera linaloburuta lipandishwe juu ya vifundo vya miguu.

Hatua ya 1: Pima alipo

Akae katikati ya kiti, mikono akiikunja kifuani. Mwambie "anza", hesabu mara anazosimama wima kabisa ndani ya sekunde 30. Kwa miaka 65 hadi 69, mwanamume akipata chini ya 12 na mwanamke chini ya 11 wako chini ya wastani. Kwa 75 hadi 79 ni 11 na 10, kwa 80 hadi 84 ni 10 na 9. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika 0. Mpime tena baada ya wiki 6 kwa kiti kilekile, maana kiti kikibadilika hesabu haina maana.

Hatua ya 2: Kuinuka kitini

Kama una muda wa zoezi moja tu, chagua hili.

Asogee mbele mpaka akalie nusu ya kiti. Nyayo zote zikanyage chini kwa upana wa nyonga, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: miguu ikibaki mbele, uzito unabaki nyuma, na mzee anaanza kujirusha. Ainamishe kifua mbele hadi pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha aikandamize sakafu kwa nyayo na kuinuka huku akitoa pumzi. Kubana pumzi kunapandisha presha ghafla, kwa hiyo mwambie ahesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kubana pumzi. Magoti yaelekee vilipo vidole vya miguu, yasigongane kwa ndani.

Kushuka kuchukue hesabu ya 1 hadi 4. Anayejibwaga amefanya nusu ya kazi, kwa kuwa misuli inayomshusha polepole ndiyo itakayomwokoa siku anapokaa chooni au anaposhuka ngazi.

Kipimo ni mara 8 hadi 10, apumzike dakika 1 hadi 2, arudie seti ya pili. Siku 3 kwa wiki, siku moja ikiruka. Mara 2 za mwisho ziwe ngumu kweli. Akimaliza ya 10 huku anapiga soga, ni jepesi mno, na zoezi jepesi halijengi misuli. Kupanda daraja ni hivi: mikono miwili kwenye mapaja, mkono mmoja, bila mikono, halafu akumbatie chupa ya maji ya lita 1 kifuani (kilo 1), baadaye ya lita 2. Asiyeweza kabisa aongezewe kimo cha sm 5 hadi 10 kwa blanketi zito lililokunjwa na kufungwa kitini lisiteleze, kisha kimo kipunguzwe kadiri anavyoimarika.

Hatua ya 3: Akiwa ameshika meza nzito

Ainue visigino, abaki juu sekunde 2, ashuke taratibu, mara 10. Kisha asimamie visigino na kuinua mbele ya nyayo, mara 10. Msuli huo wa mbele ya muundi ndio unaoinua vidole visikwame kwenye mkeka au kizingiti. Mwisho apeleke mguu pembeni, mara 10 kila upande, bila kulaza kiwiliwili.

Hatua ya 4: Kusimama bila kuyumba

Asimame kwenye kona ya chumba, mgongo ukielekea kona, kiti mbele yake. Mikao ni minne, kila mmoja sekunde 10: nyayo pamoja, unyayo mmoja umetangulia nusu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mguu mmoja. Asiyefikisha sekunde 10 kwenye mkao wa tatu yumo hatarini kuanguka.

Afanyie mazoezi mkao unaomyumbisha, sio anaoumudu. Mara 3 za sekunde 10 hadi 30, akianza kwa kushika kiti, halafu vidole viwili, halafu viganja vielee juu ya kiti. Msaidizi asimame ubavuni, nyuma kidogo, mkono karibu na kiuno. Ukimshika mkono muda wote, wewe ndiye unayefanya zoezi.

Hatua ya 5: Kuinuka sakafuni

Ageuke ubavu, ajisukume hadi kiwiko, kisha mikono na magoti. Atambae hadi kwenye kiti, aweke viganja juu yake, atangulize mguu wenye nguvu unyayo ukiwa chini, ajisukume, ageuke na kukaa. Mzazi anayekula au kuswali mkekani afundishwe hili mapema akiwa mzima, kabla hajaanguka.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Bibi magoti yanalia na kuuma akiinuka. Tuache?
Marahaba. Mlio usio na maumivu hauna neno. Maumivu kidogo, kama 3 kati ya 10, yakitulia ndani ya saa 24, endeleeni. Yakizidi hapo, ongezeni kimo cha kiti na punguzeni hadi mara 5. Goti likivimba na kuwa la moto, pumzikeni na mwone daktari.

Mama anachoma insulini. Afanye saa ngapi?
Saa 1 hadi 2 baada ya kula ni salama zaidi. Sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L (sawa na 90 kwenye mashine zinazosoma mg/dL), ale kwanza ndizi moja au kipande cha mkate. Akitetemeka au kutokwa jasho jembamba, pimeni. Ikiwa chini ya 3.9 (sawa na 70), vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15, pimeni tena. Glibenclamide, vidonge vya kisukari, nayo hushusha sukari hivyohivyo. Na mkague nyayo zake kila jioni, asifanye peku.

Ramadhani je? Na rakaa hazitoshi?
Afanye saa 1 au 2 baada ya futari, akiwa ameshakunywa maji. Rakaa zinasaidia viungo na kuinuka sakafuni, ila mzigo ni uleule mwaka mzima. Misuli huongezeka mzigo ukiongezeka.

Mzee wetu anashika mkongojo upande wa mguu mbovu. Ni sawa?
Hapana, ushikwe upande wa mguu mzima, na usogee pamoja na mguu mbovu. Akisimama mikono ikining'inia, kishikio kifike kwenye kunjo la kifundo cha mkono. Mpira wa chini ukilika, badilisheni. Pale ndipo mkongojo unapoteleza.

Baba hali nyama kabisa, uji na chai tu. Misuli itajengeka?
Kwa shida. Wazee wanahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Uji upikwe kwa maziwa, unga wa karanga uongezwe, dagaa wasagwe kwenye mchuzi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze chochote kabla ya kumuuliza daktari wake.