Somo: kufunga kiungo cha tela kwenye pikapu iliyoshushwa

Mbalamwezi ikiingia na boti za dagaa zikipumzika Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma, watu wengi hutaka kuvuta boti zao hadi nyumbani au kwa fundi. Miongoni mwao wapo wenye pikapu za chini: Hilux isiyo na 4WD, nyuma imeshushwa, rimu pana. Huuliza kwanza kama injini itavuta. Injini itavuta. Kinachotakiwa kupimwa ni nafasi iliyobaki kati ya ekseli na chesisi, na urefu wa tufe kutoka ardhini, yaani kile kichwa cha chuma cha duara kwenye kiungo ambacho tela hukaa juu yake. Hayo mawili yakikaa sawa, kilichobaki ni kazi ya spana.

Kwanza, pima gari likiwa na uzito

Egesha mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wake sahihi. Ingia chini ya gari upime kutoka juu ya ekseli hadi ile raba inayozuia ekseli isigonge chesisi. Andika kipimo hicho.

Sasa fikiria tela. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lenye mzigo hukaa juu ya tufe. Tela na boti vikiwa na kilo 600, tufe litabeba kilo 60. Lakini tufe liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo linafanya kazi kama wenzo. Chukua pikapu yenye mita 2.85 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na tufe likae mita 1.2 nyuma ya ekseli. Zile kilo 60 zitaikandamiza ekseli ya nyuma kwa kilo 85 hivi, na magurudumu ya mbele yatapungukiwa kilo 25. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi na taa za mbele hutazama juu.

Huna haja ya mashine kuliona hilo. Weka mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 10 mwisho kabisa wa bodi, karibu na mlango wa nyuma, kisha ongeza mzigo unaobeba siku zote na watu wanaopanda. Rudi chini upime tena. Mimi sikubali nafasi iliyo chini ya sentimita 5. Ukigonga tuta na tela nyuma, ekseli itaipiga chesisi kwa nguvu yote, na chesisi ikishapinda kuinyoosha ni gharama kubwa.

Nafasi ikiwa ndogo, tazama gari lilishushwaje. Kama ni kwa vibao vya chuma kati ya ekseli na springi, badilisha uweke vifupi zaidi, pamoja na U-bolti za urefu unaolingana. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda, maana haigusi chesisi. Unaweza pia kufunga mifuko ya hewa juu ya ekseli: unaijaza unapovuta, unaipunguza ukimaliza. Kukata chesisi kwa upinde juu ya ekseli na kuimarisha kwa bamba ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayeijua vizuri. Raba ya kuzuia usiiondoe kamwe ili "kupata nafasi".

Kama springi zilishushwa kwa kupigwa moto, simama hapo hapo. Chuma cha springi kikipashwa moto hivyo hupoteza nguvu yake, na siku moja kitakatika. Badilisha springi kwanza, habari ya tela ije baadaye.

Pili, urefu wa tufe

Tela linatakiwa kukaa sawa, au mbele lishuke kidogo tu. Kwa matela mengi madogo katikati ya tufe huwa kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo. Pima tela lako kwanza. Pikapu iliyoshushwa mara nyingi huwa na chesisi iliyo chini mno kwa kiungo cha kawaida, kwa hiyo tafuta mkono wa kushikia tufe uliopinda na uufunge ukitazama juu.

Soma namba iliyogongwa juu ya tufe. Kuna la milimita 50 na kuna la inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6. Hilo dogo likiingia kwenye kichwa cha tela cha milimita 50 litafunga vizuri kabisa pale gereji, na kwenye matuta litachomoka.

Tatu, kukifunga

Kiungo kishikwe na chesisi pande zote mbili. Toboa ubavuni mwa chesisi, katikati ya kimo chake. Usitoboe upande wa juu wala wa chini. Chesisi ikiwa ya boksi, ingiza kipande cha bomba ndani ya tundu ili bolti isiibonyeze. Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani. Ya M12 hukazwa karibu Nm 80, sawa na kuning'iniza kilo 16 kwenye mpini wa nusu mita. Paka rangi kila tundu kabla ya kufunga, maana maji ya ufukweni hayasubiri. Hakikisha pia tairi la akiba bado linashuka.

Nne, umeme

Kwa plagi ya pini 7: namba 1 indiketa ya kushoto, 2 taa ya ukungu, 3 athi (waya wa kurudisha umeme), 4 indiketa ya kulia, 5 taa ndogo ya kulia, 6 breki, 7 taa ndogo ya kushoto.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Kuna mtu Mwanga ameniambia achomelee tufe kwenye bampa, itatosha. Ni kweli?*

Marahaba. Si kweli, mwanangu. Bampa limeshikwa na vyuma vyembamba ambavyo havikuundwa kuvuta kitu. Siku ukifunga breki ghafla, tela litang'oka nalo. Na hata kwenye kiungo kizuri, weka minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono wa tela, ili tela likichomoka mkono udakwe usianguke barabarani.

*Nikikanyaga breki, indiketa za tela nazo zinawaka kwa mbali. Nimebadilisha balbu zote.*

Ni athi hiyo, pini namba 3. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia kwenye balbu nyingine. Kwangua rangi hadi chuma kionekane, funga waya kwa bolti, upake grisi juu. Usitegemee tufe kuwa athi.

*Kaka, habari. Boti ni ya nyumbani na dereva ni mimi. Nikirudi nyuma Kibirizi, chuma cha kiungo kinachimba mchanga.*

Nzuri dada. Mteremko ukiisha ghafla, mkia hufika kwenye tambarare wakati kichwa cha gari bado kiko juu. Simamisha pikapu kwenye ardhi ngumu, zuia magurudumu, kisha shusha tela kwa kamba nene. Kabla ya hapo chomoa plagi ya taa, na subiri bearing za tela zipoe. Bearing ya moto ikizama kwenye maji baridi huyavuta ndani, na grisi inaharibika.

*Nina tela la kilo 1,200, halina breki. Nifike nalo Kasulu?*

Hapana, ndugu yangu. Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750, na mimi nafuata kipimo hicho hicho hapa, hasa kwa gari lililoshushwa. Gawa mzigo mara mbili, au lifungie tela breki kwanza.