Kammweg ya Erzgebirge: jinsi ya kutembea mgongoni mwa milima ya migodi

Kama unawaza kwenda Kammweg, ile njia inayopita mgongoni mwa milima ya Erzgebirge mpakani mwa Ujerumani na Ucheki, nakuomba kitu kimoja kabla hujaanza kupanga: usiikimbilie yote. Ni karibu kilomita 285 toka Altenberg mpaka Blankenstein na wenyewe wameigawa vipande 17, ukifululiza hivyo kila siku ni miguu tu, unafika jioni migodi ya watalii ishafungwa, sasa umeenda kufanya nini. Chukua nusu ya njia, siku zinazobaki ushuke chini ya ardhi, maana milima hii utamu wake uko chini kuliko juu.

Kutembea kwenyewe si kugumu. Hii milima ni bamba moja la mwamba lililoinuliwa upande wa kusini, kwa hiyo toka Ujerumani unapanda taratibu mpaka unajikuta uko juu, ila upande wa Ucheki inaporomoka ghafla. Ukishakuwa mgongoni unatembea tu, miguu inaumia pale njia inaposhuka bondeni alafu inapanda tena. Kinachosumbua zaidi ni hali ya hewa, juu kule ukungu unaingia bila hodi, upepo ni mkali, na theluji inakaa mpaka majira ya kuchipua yameshaanza huko mabondeni. Mi nasema nenda kati ya mwisho wa Mei na Oktoba, koti la mvua na sweta liwe ndani ya begi hata kama asubuhi jua linawaka.

Anzia Altenberg, treni inafika, inapanda toka Heidenau karibu na Dresden. Usitoke hapo kabla hujaona Pinge, shimo la upana wa mita 400 hivi na kina cha mita 150. Wachimba madini ya bati wa zamani walikuwa wanawasha moto wa kuni kwenye mwamba ili upasuke, vyumba vikawa vikubwa mno na kila mmoja anachimba kwake bila kujali jirani, mwaka 1620 mlima ukaanguka ndani. Na bado waliendelea kuchimba bati hapo mpaka 1991! Kuna uzio, heshimu uzio, kama unataka kukaribia ulizia kwenye jumba la makumbusho la mgodi watu wa kukuongoza. Kijiji cha pili, Zinnwald, unaweza kuingia mgodini kabisa, na hata Julai huko ndani ni nyuzi 10 hivi, so lile sweta livae.

Hapo ndo nataka nisisitize: usiingie kwenye tundu lolote unaloliona porini. Watu wamechimba milima hii toka madini ya fedha yalipopatikana mji wa Freiberg mwaka 1168, ardhi imetobolewa kila mahali na migodi mingine hata kwenye ramani haipo. Ukiona ardhi imebonyea kama sahani, au kuna kibao cha onyo, pita mbali, na mtoto umshike mkono. Namba ya dharura ni 112 nchi zote mbili.

Ukifika maeneo ya Seiffen utaona maduka ya vinyago vya mbao kila kona, bati lilivyopungua wachimbaji waligeukia mbao wakalishia familia zao hivyo, mi nawaheshimu sana. Ukizidi kwenda unafika Oberwiesenthal chini ya Fichtelberg, mita 1,215. Ukichoka kuna kigari cha kamba kinachopanda juu, kipo toka 1924. Mji huu ndo wa kuweka kambi siku mbili tatu: treni ya mvuke inashuka mpaka Cranzahl, toka hapo Annaberg si mbali, mji ulioanzishwa 1496 kwa ajili ya madini ya fedha, kanisa la Mtakatifu Anna uliingie lazima.

Siku nyingine vuka mpaka. Klínovec ni mita 1,244, ndo kilele cha milima yote hii, na chini yake kuna Jáchymov, fedha ilianza kuchimbwa pale 1516 na mawe ya mji huohuo ndo mwanasayansi Marie Curie na mumewe walitumia walipogundua elementi za poloniamu na radiamu mwaka 1898. Pasi iwe mfukoni hata kama huoni askari, na beba koruna (pesa za Ucheki) kidogo, euro haikubaliki kila mahali.

Ukirudi Ujerumani, mji wa Johanngeorgenstadt usipite haraka. Baada ya vita vya pili Wasovieti walichimba madini ya urani hapo, ardhi chini ya mji ikatobolewa vibaya mpaka sehemu kubwa ya mji mkongwe ikabomolewa miaka ya 1950. Inauma kuiona. Na misitu unayopita mingi ni michanga, ya zamani iliuawa na moshi wa salfa wa mitambo ya makaa ya mawe miaka ya 70 na 80.

Mambo madogo: lala kwenye nyumba za wageni na ubuku mapema, kupiga hema hovyo msituni hairuhusiwi na moto usiwashe. Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, chakula nunua Jumamosi. Kupe wapo wengi, jikague kila jioni nyuma ya magoti na kwapani. Pakua ramani kwenye simu kabla, mtandao unakatika mabondeni. Ukifika Blankenstein kuna stesheni, panda treni urudi, au kama miguu bado inataka, njia nyingine ya kutembea, Rennsteig, inaanzia hapohapo.