Ukipewa mchoro wa mtambo wa LNG, anzia hapa

Vijana wanaousubiri mradi wa Likong'o, Lindi, huniletea michoro ya mitambo ya kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika. Wakijua nilikuwa Ras Laffan, Qatar, penye mitambo ya namna hiyo, wanataka kuonyeshwa matangi. Achana na matangi. Anza gesi inapoingia.

Fuata bomba hadi kwenye usafishaji. Kabonidioksaidi lazima ishuke chini ya sehemu 50 kwa milioni, na maji yaondoke karibu yote, maana gesi itapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri na vitu hivyo vitaganda na kuziba njia. Kisha tafuta mtungi wa kunasa zebaki. Kwenye karatasi ni kitu kidogo, lakini usiupite. Zebaki hula alumini, na ndani ya mnara mkuu wa baridi, gesi inapogeuka kimiminika, kuna mabomba membamba ya alumini yaliyozungushwa nguzo, safu juu ya safu. Kwenye mtambo wa Skikda, Algeria, walilijua hilo kwa hasara mwaka 1973.

Sasa shika kalamu ya rangi, uchore mizunguko ya gesi za kupozea. Kanuni ni ya friji ya nyumbani: kompresa inabana, joto linatolewa, valvu inaachia, baridi inakuja. Propani, ethilini na methani, kila moja na mzunguko wake? Huo ni mtindo wa ngazi, wa Arzew, Algeria, mwaka 1964 na Kenai, Alaska, mwaka 1969. Propani ikitangulia na mchanganyiko wa gesi ukamalizia, umekutana na ukoo uliotawala soko kwa miongo. Ukoo huohuo ukiongezewa naitrojeni mwishoni, ndiyo ile mitambo mikubwa ya Qatar, tani milioni 7.8 kwa mwaka kila mmoja.

Ukiona michanganyiko miwili ya gesi za kupozea bila propani tupu, fikiria mtambo wa kwenye meli. Coral Sul, inayoelea nje ya Cabo Delgado, Msumbiji, na iliyotoa shehena ya kwanza Novemba 2022, ni ya namna hiyo. Propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, na kwenye sitaha iliyobanana huitaki nyingi.

Mwisho, tazama kinachozungusha kompresa. Turbaini ya gesi ni kawaida. Ukikuta mota ya umeme, kama Freeport kule Texas, usishangilie kwanza: fuata waya hadi kwenye chanzo. Ukiishia kwenye kituo kinachochoma gesi ileile, moshi umehamishwa tu.