Kuandika na kuweka msimbo wa upungufu wa damu usiozoeleka: kutoka faili la mgonjwa hadi fomu ya bima

Mgonjwa ambaye uboho wake umeacha kutengeneza damu, na mwingine ambaye seli zake nyekundu zinavunjwa na dawa, wanaweza wote wawili kuruhusiwa wakiwa na D64.9, yaani upungufu wa damu ambao aina yake haikutajwa. Mmoja wao akirudi baada ya miezi sita, daktari mpya anaanza upya. Dai la bima nalo linahojiwa, kwa sababu msimbo huo hauelezi kwa nini alipimwa uboho au akaongezewa damu mara kadhaa. Mwongozo huu unafuata ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Kazi inaanza kabla ya chupa ya kwanza ya damu kutundikwa. Chukua sampuli za FBP (hesabu kamili ya seli za damu), filamu ya damu, retikulosaiti (seli nyekundu changa), Coombs (kingamwili zilizoshika seli nyekundu), G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu) na elektroforesisi ya himoglobini (aina za himoglobini) kwanza, kisha ongeza damu. Anayefanya kinyume hupata majibu ya mchangiaji. Mtoto mwenye SS (mgonjwa wa selimundu) aliyeongezewa damu wiki iliyopita anaweza kuonekana AS (mbebaji tu wa selimundu), na kosa hilo likamfuata miaka. Kama damu imeshaingia, andika tarehe ya kuongezewa kwenye fomu ya maabara na urudie kipimo baada ya miezi mitatu hivi. G6PD ina mtego wake: damu inapokuwa inavunjika kwa kasi, seli kuukuu zenye kimeng'enya kidogo zimeshakufa, na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi. Jibu linatoka la kawaida kwa mtu mwenye upungufu. Usilifunge faili kwa jibu hilo. Mpangie kipimo kingine baada ya miezi miwili au mitatu.

Hatua ya pili ni sentensi ya utambuzi, na hapa ndipo mambo mengi huharibika. Mweka misimbo haruhusiwi kusoma majibu ya maabara na kujitungia ugonjwa. Anafuata maneno ya daktari. Kwa hiyo daktari ataje aina, chanzo, ukali na ushahidi. "Hb 4.8, ameongezewa damu" haitoshi (Hb ni kiwango cha himoglobini). Andika hivi: "Upungufu mkali wa damu kwa seli nyekundu kuvunjwa na kinga ya mwili, Hb 4.8 g/dL, retikulosaiti 14%, Coombs ya moja kwa moja chanya, hakuna dawa inayoshukiwa." Hiyo inakwenda moja kwa moja D59.1. Kama kuna dawa iliyochochea kinga hiyo, ni D59.0, na dawa itajwe kwa jina.

Alama ya kuuliza ni ya kuangaliwa sana. Kwa kanuni za ICD-10, utambuzi mkuu ukibaki "unashukiwa" hadi mwisho wa matibabu na hakuna maelezo zaidi, unawekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Ukiandika "?aplastiki", yaani uboho kuacha kutengeneza damu, na mgonjwa akaruhusiwa, kwenye takwimu atahesabiwa kuwa na aplastiki. Kama unachokijua kwa hakika ni kwamba aina zote tatu za seli zimepungua, andika hicho, na useme kwamba majibu ya uboho yanasubiriwa.

Sasa tafuta msimbo. Anzia faharasa ya alfabeti ya ICD-10, Juzuu la 3, halafu thibitisha katika orodha kamili ya misimbo, Juzuu la 1. Usiishie kwenye faharasa, maana maelezo ya "haihusishi" yako kwenye Juzuu la 1. Mfano mzuri ni mtu mwenye upungufu wa G6PD aliyevunjika damu baada ya kumeza primakwini. Mkono unakimbilia D55.0, msimbo wa upungufu wa damu kwa ukosefu wa G6PD. Lakini kundi la D55 lenyewe linatoa nje upungufu wa damu wa vimeng'enya uliosababishwa na dawa na kuupeleka D59.2. Kisha ongeza Y41.2, msimbo wa madhara ya dawa za malaria zilizotolewa kwa matibabu.

Selimundu: D57.0 akiwa kwenye krisisi (shambulio la ghafla la ugonjwa), D57.1 akiwa hana krisisi, D57.2 kwa mchanganyiko kama SC au S na beta-thalasemia. AS ni D57.3, na peke yake haielezi Hb ya 6. Endelea kutafuta minyoo, upungufu wa chuma au kitu kingine.

Aplastiki inahitaji uboho, si FBP peke yake. Taja sababu: dawa D61.1 (kloramfenikoli huongezewa Y40.2), ya kuzaliwa nayo kama Fanconi D61.0, isiyojulikana chanzo baada ya kuchunguzwa D61.3. Kabla ya hapo pima vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake nao hushusha seli za aina zote. D51.0 ni kwa ukosefu wa kiini cha ndani (intrinsic factor) tu, yaani protini ya tumboni inayowezesha B12 kufyonzwa. Ulaji usio na B12 ni D51.3.

Mgonjwa wa TB anayetumia isoniazidi bila vitamini B6 anaweza kupata upungufu wa damu wa sideroblasti: D64.2 na Y41.1. Ushahidi ni sideroblasti za pete, yaani seli nyekundu changa zenye pete ya chembe za chuma, kwenye uboho uliopakwa rangi ya chuma.

Misimbo yenye nyota (*) kwenye orodha inaeleza athari ya ugonjwa mwingine, hivyo haisimami peke yake. D63.0 inatanguliwa na msimbo wa saratani, na D63.8 inatanguliwa na ugonjwa sugu, mfano N18 ya figo. Ukiona D63.1 mtandaoni kwa ajili ya figo, hiyo ni ya toleo la Marekani. Vivyo hivyo D59.1 yenye tarakimu zaidi mbele. Mfumo unaotumia orodha ya WHO hautaitambua.

Kwa Tanzania, fomu ya madai ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ina nafasi ya utambuzi wa awali na ya utambuzi wa mwisho. Usinakili msimbo mmoja kwenye zote mbili kwa mazoea. D64.9 inaweza kukaa kwenye awali, siku mgonjwa anapofika amepauka na hajapimwa. Ya mwisho ibebe ulichokithibitisha. Kagua kwamba kila kipimo na kila chupa ya damu inayodaiwa ina maelezo yake katika faili, kwa tarehe ileile.

Majibu ya uboho yakichelewa hadi mgonjwa ameondoka, daktari aongeze maelezo mapya kwenye faili kwa tarehe ya siku hiyo, jina na saini. Yaliyoandikwa mwanzo yapigwe mstari mmoja ili yabaki yanasomeka, yasifutwe. Msimbo mpya utumike kuanzia hudhurio linalofuata, na kitengo cha takwimu kijulishwe ili kisahihishe hudhurio lililopita.